Kabla ya kuongeza wakurugenzi huru, tazama makabrasha ya bodi

Mwenzetu ameuliza iwapo kampuni yenye maamuzi mabovu itanyooka kwa kuongezewa wakurugenzi huru, yaani wajumbe wa bodi wasio waajiriwa wa kampuni wala wenye maslahi ndani yake. Nimekuwa katibu wa bodi kwa miaka mingi, katika kampuni zaidi ya moja, na naamini wakurugenzi hao wanahitajika. Lakini sehemu kubwa ya uamuzi huwa imeshaamuliwa kabla ya kikao, kutegemea nani ameandika makabrasha, yaani nyaraka za kikao, ameacha nini, na yamewafikia wajumbe lini.

Bodi ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001, ilikuwa na wajumbe wengi wasio waajiriwa wake, na kamati yake ya ukaguzi iliongozwa na profesa wa uhasibu. Hata hivyo, mwaka 1999 bodi hiyo iliridhia kuwa kanuni za maadili zisimzuie mkuu wa fedha, Andrew Fastow, kuendesha ubia wa pembeni uliofanya biashara na kampuni yenyewe. Mgongano huo wa maslahi haukupita kwa siri: uliletwa kikaoni, ukaelezwa na menejimenti, ukapitishwa.

Katika kampuni mojawapo niliyoitumikia, makabrasha yalikuwa yakifika jioni ya kuamkia kikao, yakiwa manene na yenye pendekezo moja tu, hivyo kwamba mjumbe aliyetaka kupinga hakuwa na njia nyingine ya kupendekeza. Tulikubaliana kwamba andiko lisilofika wiki nzima kabla ya kikao litasogezwa hadi kikao kinachofuata, hata likiwa la mkurugenzi mtendaji mkuu. Menejimenti ililalamika sana, na ninaelewa kwa nini, kwa sababu soko halisubiri ratiba ya bodi. Lakini baada ya ajenda nzito kuondolewa mara ya kwanza, maandiko yakaanza kufika kwa wakati. Kila andiko lilitakiwa pia kutaja njia zilizokataliwa na sababu zake, pamoja na dalili zitakazoonyesha mapema kwamba tumekosea. Mwenyekiti naye alianza kuzungumza mwisho, na hapo ndipo nilipowasikia kwa mara ya kwanza wajumbe waliozoea kunyamaza.

Kumbukumbu za kikao ziandike hoja za waliopinga, si maazimio pekee. Yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maamuzi ya vikao vilivyopita, nayo yasiishie kuuliza kama agizo limetekelezwa. Yarudie makadirio ambayo uamuzi ulijengwa juu yake na kuyalinganisha na hali halisi, jambo ambalo bodi nyingi hulikwepa kwa sababu linagusa heshima za watu waliomo chumbani.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta majina mapya, chukua makabrasha ya uamuzi mmoja mkubwa uliowagharimu, uyasome kama mjumbe aliyeyapokea siku ile, na uangalie kama yalikuwa na maelezo ya kutosha kumwezesha mtu makini kusema hapana.