Shangazi, mume wangu anataka kuacha gereji akaajiriwe serikalini

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, mume wangu 42, tuna watoto watatu, tunaishi Buguruni. Ana gereji yake, huu mwaka wa tisa. Siku nzuri anarudi na laki moja, hata laki na nusu. Mwaka jana aliomba kazi serikalini bila kuniambia, akafanya usaili, sasa kaitwa: fundi sanifu, halmashauri moja mkoani Rukwa, mshahara laki sita na kitu kabla ya makato. Barua imempa siku 14 aripoti. Anayemjaza upepo ni mama yake, kila akipiga simu ni pensheni, pensheni. Mimi niliolewa na mtu anayejitegemea, si mtumishi wa kusubiri tarehe. Gereji itakufa, ingawa kaka yangu ndiye anashika hesabu. Mwezi wa tano mtoto alilazwa tukauza kompresa, na tulivuka. Nimzuieje bila kuvunja nyumba?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Pole imeisha, sasa tuongee. Umeniandikia habari za siku nzuri. Siku mbaya je? Siku ambayo gari moja limeingia, mwenyewe anasema "nitakutumia jioni", na jioni simu haipatikani? Hizo umezipitia juu kwa juu, kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Halafu hiyo kompresa. Umeitaja kama ushindi, mimi nimesoma msiba. Gereji isiyo na kompresa inajaza upepo kwa jirani, tena kwa kulipia, na mteja wa rangi anavuka barabara anakwenda kwa mwingine. Mlikula chombo cha kazi ili mtoto atoke wodini. Mumeo alikuwepo siku hiyo, akaona. Kwa bima ya afya mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka 3, inambeba yeye, wewe na wategemezi hadi wanne. Watoto wenu watatu wote wanaingia, na nafasi moja inabaki. Ukitaka mpe mama mkwe, maana naona ndiye mwenye akili kwenye hii hadithi.

Ndiyo, niko upande wake. Tena anajua hesabu kuliko wewe. Matangazo ya ajira serikalini yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Kustaafu kwa lazima ni 60. Na mtu hapati pensheni ya kila mwezi mpaka awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Toa 45 kwenye 60 uone kinachobaki. Mumeo akiingia leo atafikisha miezi 216. Akikaa miaka minne zaidi akibembeleza gereji, mlango huo umefungwa na hata kugonga hagongi.

Sikudanganyi kwamba pensheni ni utajiri. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, chukua miezi aliyochangia, gawa kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wake wa miaka yake bora. Tuseme ni laki nane kwa mwezi: inakuja kama 298,000 kila mwezi, na akichukua sehemu yake kwa mkupuo hiyo ya mwezi inashuka. Hela ya dagaa na umeme. Lakini inakuja hata akiwa amelala. Yeye anakatwa asilimia 5 kwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mwajiri anaweka 15. Pale gereji nani anamwekea 15?

Usiniambie waliojiajiri wamesahauliwa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inawapokea; angeanza na gereji, leo angekuwa na miezi kama mia. Anayo mingapi? Hujaandika, na msimamizi wa hesabu ni kaka yako.

Hapo ndipo barua yako iliponifumbua macho. Miaka tisa ya siku nzuri, akiba haipo hata ya kulaza mtoto, na daftari liko mkononi mwa shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Simwiti mwizi, simjui. Ila wewe unamjua, na nina shaka unacholilia si gereji, ni ajira ya kaka yako.

Mumeo naye amekosa kuomba kazi kimyakimya. Lakini wenzake wanaficha meseji, yeye kaficha barua ya usaili. Jiulize alijua utasema nini hata asithubutu. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: mwanamke anaolewa na kipato, si na mtu. Kipato kikibadilisha nguo, anasema hamtambui mume. Na vijana nao wanaoa kwa mkopo, wanalipa kausha damu huku picha za harusi bado ziko kwenye status. Enzi zetu... haya, nisianze.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio. Mikono ya dhahabu, hakuwahi kuwa na bosi. Alipofika miaka 61 macho yakakataa. Nilimkuta jioni moja ameshika waya mwekundu na wa kahawia, ananiuliza upi ni upi. Tangu siku hiyo nikaanza kukaanga maandazi saa kumi alfajiri, na sijaacha.

Mwambie mumeo asiuze vifaa. Jeki na spana vihesabiwe leo usiku mbele yenu wote, kaka yako akiwepo na daftari lake, ukurasa kwa ukurasa. Kaka yako akibaki kuendesha gereji, iwe kwa kodi ya mwezi inayoandikwa, si kwa udugu. Mkipata nafuu, kompresa irudi kwanza. Wewe tanguliza mawazo: watoto wamalize muhula Dar, kisha mfuate mwenzio.

Na mnunulie sweta. Kule Ufipa, huko huko Rukwa, ikifika Juni si Buguruni.