4A-GE uani Malindi: pima kwanza, nunua baadaye

Ndugu wa Shela, salaam. Umesema injini yako ya 4A-GE inatoa moshi wa buluu, taa ya oili inawaka ikishapata moto, na tayari umenunua kamshafti (mihimili inayofungua valvu) za digrii 288, kipimo cha muda ambao valvu hubaki wazi, na kabureta mbili za Weber za mm 40. Unataka kufungua na kufunga kila kitu uani kwako kabla kusi haijaanza kupeperusha mchanga. Hilo la mchanga umelifikiria vizuri. Lakini kamshafti na kabureta ziweke kabatini kwanza. Hujui bado ndani kuna nini, na injini hii haisamehe vipimo vya kubahatisha.

Ilitoka 1983 kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86: cc 1587, silinda mm 81, mwendo wa pistoni mm 77, bloki ya chuma, hedi ya aluminiamu yenye valvu 16, iliyobuniwa kwa ushirikiano wa Toyota na Yamaha. Kwa umri huo, hesabu kwamba imeshafunguliwa na mtu, pengine zaidi ya mara moja, na vipuri vimechanganywa. Toleo la mwanzo lina mbavu tatu nje ya bloki, shingo za konrodi (mikono ya pistoni) kwenye kranki, mhimili mkuu wa injini, ni mm 40 na pini za pistoni ni mm 18. La baadaye lina mbavu saba, shingo mm 42, pini mm 20. Ukiagiza beringi kwa kusema tu "za 4A-GE" utaletewa zisizoingia, na kuzirudisha ni nauli nyingine ya Mombasa.

Kabla ya kung'oa, pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nne nje, mafuta umekanyaga hadi mwisho. Injini nzima hutoa karibu psi 179. Ikishuka chini ya 142, au silinda zikitofautiana kwa zaidi ya psi 14, kuna kazi. Kisha ingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga, usikilize. Ikivuma kwenye tundu la kijiti cha oili ni ringi. Kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rediyeta ni gasketi au ufa. Moshi nao una lugha yake: wa asubuhi unaotoka ukiwasha kisha ukapotea ni sili za valvu, na unaotoka ukikanyaga mafuta ni ringi.

Taa ya oili usiihukumu kwa swichi iliyokwisha kuliwa na chumvi. Funga geji ya mkono mahali pa swichi. Injini ikiwa ya moto, kwenye mizunguko 3000 presha iwe kati ya kilo 2.5 na 5 kwa sentimita ya mraba, na kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, isipungue 0.3. Ikiwa geji inakubaliana na taa, beringi au pampu imechoka, na hapo kranki lazima itoke.

Kung'oa injini sitakueleza, fundi yeyote wa mjini mwenye winchi anaiweza kazi hiyo. Piga picha za waya na mabomba tu, na kila bolti itie kwenye mfuko wake wenye jina. Bolti za hedi zina urefu wa aina mbili: fupi za mm 90 ni za upande wa kuingiza hewa, ndefu za mm 108 za upande wa ekzosi.

Sasa vipimo. Hedi na bloki uziwekee rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kibamba cha zaidi ya mm 0.05 kikiingia chini ya rula, uso umepinda. Silinda zipime juu, katikati na chini, kwa kulia na kushoto kisha mbele na nyuma. Zikiwa zimeliwa zaidi ya mm 0.2, zote nne zinapanuliwa kwa pistoni zilizozidi kwa mm 0.50. Pistoni zinunuliwe kwanza, zipelekwe pamoja na bloki, ili mwenye mashine achonge kila silinda kulingana na pistoni yake na nafasi iliyoandikwa na mtengenezaji wa pistoni. Usipanue silinda kwa kutafuta nguvu: mm 81.5 inakupa cc 1607, yaani ongezeko la 20 tu, na ukuta umeupunguza bure.

Hapa pwani kuna jambo ambalo vitabu vya mafundi wa bara havilisemi. Silinda iliyotoka kuchongwa ni chuma kitupu, na hewa ya Malindi huanza kuila siku hiyohiyo. Nenda na oili na karatasi ya nailoni wewe mwenyewe. Paka silinda zote kabla bloki haijapandishwa garini, ifunge, ndipo uanze safari ya kilomita 120 hivi kutoka Mombasa kurudi nyumbani. Ukifika, ioshe kwa maji moto, sabuni ya unga na brashi mpaka mifereji yote ya oili ipitishe brashi safi. Maji yawe ya mvua au ya mfereji, si ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi ikibaki kwenye mfereji wa oili inakungoja. Kausha kwa hewa, kisha pangusa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kitambaa kikitoka cha kijivu, unga wa jiwe la kuchongea bado umo, rudia. Unga huo ndio unaoua ringi mpya kabla ya kilomita elfu moja, halafu lawama anabebeshwa aliyeuza ringi.

Vizibo vya pembeni vya bloki badilisha vyote kwa vya shaba, hata vikionekana vizima.

Kranki ipimwe kwa maikromita. Ikisagwa, beringi ziwe za 0.25, yaani za shingo iliyopunguzwa kwa mm 0.25. Ikiwa haijasagwa, soma namba zilizogongwa kwenye bloki na kwenye kranki, jumla yake ndiyo inayochagua beringi za kati, zinazobeba kranki yenyewe. Panga beringi zikiwa kavu, weka uzi wa plastigeji (uzi laini unaobonyea ukibanwa) juu ya shingo, kaza vifuniko vya kati kwa Nm 60 na vya konrodi za mwanzo kwa Nm 49, wala usiizungushe kranki hata kidogo. Fungua, linganisha upana wa uzi na karatasi yake. Unatafuta mm 0.02 hadi 0.05. Uzi ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, shingo imeliwa kwa mshazari au kuna uchafu nyuma ya beringi. Ukipata mojawapo usiendelee. Zile nusu-mwezi za kuzuia kranki isicheze mbele na nyuma, mifereji yake hutazama nje, kwenye kranki. Zikigeuzwa hukosa oili na kusagika.

Ringi ya juu isukume ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wake: mm 0.25 hadi 0.35. Ukipungua, ringi ikipata moto ncha zake zitakutana na kuvunja ukingo wa pistoni. Mwanya unaongezwa kwa tupa laini, ukisugua upande mmoja kuelekea ndani.

Pampu ya oili ya injini hii inazungushwa na kranki moja kwa moja, iko mbele ya bloki. Kwa gari lililowahi kuwasha taa, weka mpya. Kabla ya kuifunga, meno yake yajaze mafuta mazito kama vaselini ili ivute oili mara ya kwanza. Ikifungwa kavu itazunguka bila kuvuta kitu, na beringi zako mpya zitafanya kazi bila tone.

Tuje kwenye hedi, ambako ndiko nguvu ya injini hii iliko. Vikalio vya valvu vichongwe kwa digrii 45, upana mm 1.0 hadi 1.4. Chembamba zaidi hakitoi joto la kutosha kwenye valvu ya ekzosi, na kipana hukusanya kaboni. Sili zote 16 mpya. Hedi ikae kwenye gasketi kavu, bolti zipakwe oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa, zikazwe kutoka katikati kwenda nje: kwanza zote Nm 29, kisha zote digrii 90, kisha zote digrii 90 tena. Weka alama ya rangi kwenye kila bolti uone imezunguka kiasi gani.

Vifuniko vya kamshafti vina namba, mshale, na herufi ya upande. Kaza kidogokidogo kwa zamu hadi Nm 13. Ukikaza kimoja hadi mwisho wakati springi bado zinaisukuma kamshafti upande wa pili, utaivunja, na kamshafti ikivunjika haina dawa.

Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi: za hewa mm 0.15 hadi 0.25, za ekzosi 0.20 hadi 0.30. Inarekebishwa kwa vishimu, yaani visahani vya chuma vinavyokaa juu ya vikombe vya valvu, vya mm 2.50 hadi 3.30 kwa hatua za 0.05. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme valvu ya hewa imesoma 0.32 na kishimu kilichopo ni 2.70. Toa 0.20 kwenye 0.32, inabaki 0.12, jumlisha na 2.70, unapata 2.82. Weka cha 2.80. Kwa ekzosi unatoa 0.25. Andika zote 16 kwenye karatasi kabla ya kununua hata kimoja, maana mara nyingi kishimu cha valvu moja kinaifaa nyingine.

Mkanda wa taimingi: linganisha alama, zungusha kranki kwa mkono mara mbili kamili kwa upande wa mwendo wake, tazama tena. Puli ya kukaza ifungwe kwa Nm 37, na mkanda ukisukumwa kwa nguvu ya kilo 2 uingie mm 4.

Sasa kamshafti zako. Za kiwandani ni digrii 240. Za 288 zinalala chini ya mizunguko 5000, na kwa barabara zetu hapa, matuta kila mtaa na tuktuk kila kona, utaendesha gari linalokohoa siku nzima. Zaidi ya hapo, vishimu vya juu ya kikombe havifai pale kamshafti inapoinua valvu zaidi ya mm 8 hivi: kona ya kamshafti inafika ukingoni mwa kishimu, na kwa mwendo mkali inakirusha. Utahitaji vikombe vya kishimu cha chini na springi ngumu zaidi. Injini hii ikiwa ya asili, mkanda ukikatika valvu hazigusi pistoni. Kwa kamshafti ndefu dhamana hiyo haipo. Weka udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi, zungusha kwa mkono, fungua, kata na upime. Usikubali chini ya mm 1.5 kwa valvu za hewa na mm 2 kwa za ekzosi.

Ushauri wangu: ziuze, tafuta za 264 na puli za kamshafti za kurekebishika, za kupangia taimingi yake.

Usijaribu kupandisha kompresheni kwa kunyoa hedi. Kila silinda ina cc 397. Kwa uwiano wa 9.4, nafasi ya juu ni cc 47.2. Kufika 10 unataka 44.1, yaani upunguze cc 3.1. Kila mm 0.1 unayonyoa hupunguza kama nusu cc, kwa hiyo ni mm 0.6, na hiyo ni nyingi mno. Pia hedi ikishuka, kamshafti zinachelewa, ndiyo sababu nyingine ya puli za kurekebishika. Pistoni zenye kichwa kilichoinuka ni njia safi zaidi. Kwa joto letu na petroli ya vituoni, ishia 10 hadi 10.3.

Kabureta unaweza kuzitumia, lakini tayarisha vitu viwili. Pampu ya injeksheni inasukuma zaidi ya psi 30, nazo Weber hizi zinataka 2.5 hadi 3.5, vinginevyo sindano za boya zinashindwa na petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Kupunguza presha hiyo kufanywe kwanza kabla ya mengine yote. La pili, distribyuta ya injeksheni haina mizani ya kusogeza cheche, kompyuta ndiyo inayosogeza. Ukiitoa kompyuta, lazima uweke kisanduku cha cheche kinachopangika. Kwa kuanzia tumia choki (koo za hewa ndani ya kabureta) za mm 32, jeti kuu ipatikane kwa kuzidisha choki kwa nne, yaani 125 au 130, na jeti ya hewa iwe zaidi ya hiyo kwa 50. Weka vichujio vizuri, maana mchanga wa pwani ni jiwe la kusagia.

Rediyeta: nusu maji ya mvua au yaliyosafishwa, nusu dawa ya kupozea. Maji ya kisima kati ya bloki ya chuma na hedi ya aluminiamu hufanya kazi kama betri, na hedi ndiyo inayoliwa. Waya za ethi (zinazounganisha injini na bodi) nazo weka mpya.

Siku ya kuwasha, toa plagi, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo urudishe plagi. Kamshafti zikiwa mpya, shikilia mizunguko 2000 kwa dakika 20, usiache sailensa. Oili iwe ya madini, 20W-50. Kisha ingia barabara ya Mambrui, kanyaga nusu, achia, kanyaga, achia, kwa kilomita 50. Ringi hukaa kwa kusukumwa, hazikai kwa kubembelezwa. Badilisha oili na filta hapo, halafu kwa kilomita 500. Filta ya kwanza ikate, ifungue karatasi yake juani. Vumbi la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki ni beringi, na hapo zima injini, ushushe sampu (bakuli la oili chini ya injini).