Kukri, Wagurkha na ile siku ya Tanga

Swali: Nafanya kazi Doha na nakaa chumba kimoja na vijana wa Nepal. Mmoja wao alipomaliza mkataba alinizawadia kisu chao kilichopinda, kukri. Wenzangu wanasema Mgurkha, yaani askari wa Nepal anayetumikia jeshi la Uingereza au India, akikichomoa alani hakirudi mpaka kimwage damu, na kwamba hakuna askari anayewafikia kwa ushujaa. Ni kweli, au ni chumvi za Waingereza? Mimi ni mtu wa Tanga, na mzee mmoja alinihakikishia kwamba walipigana pale kwetu. Na kisu chenyewe nikitunzeje?

Jibu: Hilo la damu si kweli. Vijijini Nepal kukri hupasua kuni, huchinja mbuzi na hukata vitunguu. Kingekuwa kinadai damu kila kinapochomolewa, wapishi wa kule wasingebaki na vidole. Jeshini nako hutolewa alani kwa usafi, ukaguzi na gwaride, kisha hurudishwa kikavu.

Sifa za ushujaa zina msingi, ila zimepakwa rangi. Mwaka 1814 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliivamia himaya ya Gorkha, ndiyo Nepal ya leo. Kwenye ngome ya Nalapani, karibu na Dehradun, watu wapatao 600 chini ya Balbhadra Kunwar, wakiwemo wanawake na watoto, waliwazuia Waingereza kwa mwezi mzima na kumuua jenerali wao, Gillespie. Waliondoka baada ya kukatiwa maji. Waingereza hawakungoja hata mkataba wa Sugauli wa 1816 ukamilike: mwaka 1815 tayari walikuwa wanawaandikisha waliokuwa adui zao.

Kilichowapandisha zaidi ni uasi wa 1857. Askari wengi wa Kihindi walipowageukia maofisa wao, batalioni ya Wagurkha ya Sirmoor ilibaki upande wa Waingereza na kuilinda nyumba ya Hindu Rao, kwenye kilima nje ya Delhi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kati ya watu 490, 327 waliuawa au kujeruhiwa. Kuanzia hapo Waingereza walijenga nadharia ya “makabila ya vita”, wakaandika hadi vitabu vya mwongozo vya namna ya kuwachagua Wamagar, Wagurung, Warai na Walimbu, makabila ya Nepal. Ndipo chumvi ilipozidi. Miwani hiyohiyo ilivaliwa Kenya kuhusu Wakamba na KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Mkoloni alikuwa anatafuta watu watiifu, wenye afya, wa kutoka mbali na siasa za mjini, na akishawapata anasema ni damu yao.

Siri kubwa, kwa maoni yangu, ni mchujo. Kila mwaka vijana kwa maelfu hugombea nafasi mia chache za jeshi la Uingereza, kwa sababu mshahara na pensheni yake hubadilisha maisha ya ukoo. Mtihani unaojulikana zaidi ni wa doko, kapu la mianzi linalobebwa mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa kilo 25 za mchanga, kilomita 5 za kupanda mlima, chini ya dakika 48. Wengi wanaoshindwa huanza kwa kukimbia. Mzigo unayumba, shingo inachoka, na nusu ya mlima pumzi imekwisha. Anayefaulu hutembea hatua fupi za haraka tangu mwanzo. Ukichuja watu namna hiyo, batalioni utakayoipata itakuwa nzuri, iwe imetoka Himalaya au Usambara.

Ushujaa wa mtu mmoja mmoja upo, na umeandikwa. Chukua Lachhiman Gurung, Taungdaw nchini Burma, usiku wa 12 kuamkia 13 Mei 1945. Wajapani walitupa maguruneti kwenye handaki lake. La kwanza na la pili aliyarudisha. La tatu lililipuka mkononi, likakata vidole vya mkono wa kulia na kumjeruhi uso, mkono na mguu. Aliendelea kujaza risasi na kufyatua kwa mkono wa kushoto kwa saa nne. Waliowahi kushika bunduki ya bolti wataelewa uzito wake: mpini wa bolti uko upande wa kulia, kwa hiyo kila risasi ilimlazimu kuachia kifyatulio, kuvuta bolti kwa mkono huohuo uliobaki, na kulenga upya. Asubuhi maiti 31 zilikutwa mbele ya handaki lake. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Wanaopenda kuhesabu nishani hizo wawe waangalifu. Regimenti za Gurkha zina 26, lakini nusu ni za maofisa Waingereza. Kabla ya 1911 askari wazawa wa Jeshi la India hawakuruhusiwa kuipata. Mnepali wa kwanza ni Kulbir Thapa, mwaka 1915.

Na wameshindwa pia, kama jeshi lolote. Februari 1942, daraja la Mto Sittang nchini Burma lililipuliwa na upande wao wenyewe ili Wajapani wasivuke, huku batalioni za Gurkha zikiwa bado ng'ambo. Wengi walizama au kutekwa. Ujasiri hauna dawa ya amri iliyotolewa mapema mno. (Miaka miwili baadaye, kwenye vita hivyohivyo vya Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, na askari wetu hawakupata hata robo ya sifa hizi.)

Sifa yenyewe ni silaha. Mwaka 1982, Uingereza na Argentina zilipopigania visiwa vya Falkland, hadithi za visu ziliwatangulia Wagurkha hadi kwa askari vijana wa Argentina. Walipoufikia mlima Mount William walikuta adui ameshaondoka.

Sasa Tanga. Mzee wako yuko sahihi, ila kwa marekebisho. Regimenti za Gurkha za Jeshi la India hazikuwa kwenye msafara wa Waingereza ulioishambulia Tanga, mji wa koloni la Wajerumani, Novemba 1914. Waliokuwepo ni Wagurkha waliomo katika Kashmir Rifles, jeshi la Maharaja wa Jammu na Kashmir. Waingereza walileta watu wapatao 8,000 dhidi ya kama 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 Novemba vikosi kadhaa vya India vilisambaratika vichakani na mashambani, risasi upande mmoja na nyuki upande mwingine. Kashmir Rifles na batalioni ya Kiingereza ya Loyal North Lancashire ndio walioingia mjini na kuteka jengo la forodha. Hawakupata wa kuwaunga mkono, wakarudishwa nyuma. Msafara ulipoondoka uliacha bunduki za mashine 16 na risasi 600,000 ufukweni.

Tuje kwenye kisu. Kukri ya kazi huwa na mgongo mnene, milimita 8 hadi 10 karibu na mpini, na uzito umeelemea mbele, pale kinapopinda. Nyingi hufuliwa kwa chuma cha springi za lori. Mhunzi hukipasha moto chote, kisha humimina maji ya birika kwenye makali peke yake: makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki na unyumbufu. Jaribu kwa tupa: kwenye makali ya sehemu iliyopinda iteleze, kwenye mgongo ing'ate. Iking'ata kote, una pambo la ukutani, usikatie kitu kigumu. Ule mkato mdogo uliochongwa kwenye makali karibu na mpini una maelezo mengi, ya dini na ya kuzuia majimaji yasifike mkononi. Usikate kwa sehemu hiyo. Katia pale kwenye mpindo. Ukipiga kwa ncha, itapinda.

Unapokichomoa, shika ala kwa upande wa mgongo wa kisu, vidole visizunguke upande wa makali. Ala ni mbao mbili nyembamba zilizofunikwa ngozi, na makali hupenya kwenye maungio. Ajali nyingi za vidole hutokea hapo.

Ukifika Tanga usikihifadhi ndani ya ala. Ngozi hushika unyevu na chumvi ya bahari, na kutu itaanza ndani ya wiki chache. Kipake mafuta ya cherehani, kifunge kwa kitambaa kikavu, ala iwe pembeni. Kati ya vile visu viwili vidogo vinavyokaa kwenye ala pamoja na kukri, chenye makali ni karda, cha kazi ndogondogo; butu ni chakmak, cha kunyoosha makali na kuwashia moto kwa jiwe. Chakmak haiondoi pengo. Pengo linahitaji jiwe la kunolea.

Kwenye ndege kiende mzigo wa chini, na uulize shirika kabla ya kufunga begi. Mpini pia uuangalie: kama chuma chake kimeingia kwa mkia mwembamba, kimeshikwa kwa laha, gundi ya utomvu inayolainika kwa joto. Usikiache ndani ya gari juani wala kukiosha kwa maji ya moto. Kikianza kucheza, kitoe chote, safisha tundu, ujaze epoksi, na ukiache siku nzima kabla ya kukishika.