Jibu: Kama ni robo tu ya pato la taifa, kwa nini kilimo ni uti wa mgongo?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kilimo bado kinaitwa uti wa mgongo ilhali mchango wake kwenye pato la taifa ni kama robo tu. Niko Tanga, kwa hiyo nitakujibu kwa mkonge.

Ile robo huhesabu thamani inayotoka shambani. Jani likishakatwa Korogwe au Muheza hupita kwenye korona, yaani mashine ya kuparua jani na kutoa nyuzi; nyuzi hizo, yaani singa, zikaanikwa, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota na kupakiwa lori la bandarini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huandikwa kwenye viwanda, usafirishaji na biashara. Shamba likilala, nazo zinalala. Huku tumeyaona: mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, ikiongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa kuanzia 1967 na uendeshaji ukayumba. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata sehemu ya tano ya huo, na mji mzima uliumia, si wakulima peke yao.

Linaloniuma zaidi ni hili: hiyo robo inagawanywa kwa karibu theluthi mbili ya nguvu kazi yetu. Ndiyo maana mkulima ni maskini.

Na bado tunatupa mali. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani; sehemu kubwa ya mabaki hutupwa. Pale Hale ulijengwa mtambo wa kufua umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge, kwa hiyo inawezekana. Mitambo ya namna hiyo ingefaa iwe kila penye korona.