Corolla isiyo na injini: usiiuze kwa kilo

Kaka, umeuliza kama umuuzie dalali Corolla yako: hata bila injini wala giaboksi, bado ni mali. Huyo dalali wa Ngamiani, Tanga, anayetaka kuichukua kwa bei ya chuma chakavu anajua anachofanya. Chuma hupimwa kwa kilo. Milango, taa, rejeta na dashibodi huuzwa kimojakimoja. Chungulia chini pia: masega (kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi) yakiwemo, hayo peke yake yana wateja wake, na mafundi wengine huyang'oa kimyakimya.

Kadi ya gari usimkabidhi mtu hivihivi. Badilisheni umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato), au kama linakwenda kukatwa, omba lifutwe kwenye usajili. Namba yako ya chesisi ikikutwa kwenye gari la wizi, polisi watakuja kwako, si kwa dalali. Gharama ya kulivuta ni ya mnunuzi. Hela uhesabu kabla halijapandishwa.