Daktari amenituma kwa mwanasaikolojia: je, maumivu ya mgongo wangu ni ya kufikiria tu?

Swali: Mimi ni fundi wa kushona sare za shule Kawangware, nina miaka 44. Kiuno kimeniuma kwa miaka 3 sasa. Nilipigwa picha ya MRI, nikaambiwa diski mbili (mito laini kati ya mifupa ya mgongo) zimechomoza kidogo, upasuaji hauhitajiki. Nimemeza dawa ya maumivu, diklofenaki, hadi tumbo linawaka. Sasa daktari ameniandikia nimwone mwanasaikolojia. Kwangu ni kama anasema najifanya. Kuongea kunatibu mgongo vipi? Na kama pesa za kumlipa sina, naweza kufanya nini mwenyewe? Siku nikiwa sawa nashona kutwa, kesho yake kuamka ni shida.

Jibu: Dada, hujifanyi, na sidhani daktari wako alimaanisha hivyo, ingawa angekueleza vizuri zaidi. Nafanya kazi na watu wenye maumivu sugu, na hasira yako naikuta karibu kila wiki.

Kwanza tuondoe hatari. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, mguu ukilegea, au ukipata homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito (kifua kikuu hushika hata mifupa ya mgongo), nenda hospitali siku hiyohiyo. Diklofenaki acha kujinunulia. Hilo tumbo ni onyo, na dawa hiyo ikitumika muda mrefu huumiza figo na kupandisha presha pia. Rudi kwa daktari akupangie nyingine.

Sasa swali lako. Ukijigonga kiwiko mlangoni, mkono wa pili hukimbilia kukisugua, na uchungu hupungua. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza sababu: taarifa za maumivu hupita kama kwenye lango ndani ya uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo, na lango hilo linaweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi. Ubongo wenyewe hutuma amri za kulirekebisha. Hofu, kukosa usingizi na msongo hulifungua. Utulivu, mwendo na usalama hulibana. Maumivu yakipita miezi 3, mara nyingi mishipa ya fahamu huwa imezoea kuhisi kwa ukali hata pale jeraha lilipokwisha kupona au halikuwa kubwa. Unachohisi kiunoni ni cha kweli. Tunachojaribu kubadilisha ni ukali wa mfumo unaokihisi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu, mazoezi na tiba za kisaikolojia, na haupendekezi ile mikanda ya kiuno inayouzwa mjini.

Kuhusu hizo diski: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yaliangalia picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Kwa wenye miaka 40, nusu yao walikuwa na diski zilizochomoza. Nakuomba uibebe habari hiyo, kwa sababu wazo la kwamba mgongo umeharibika humfanya mtu aogope kuinama, misuli idhoofike, na maumivu yazidi. Wazo kama "nitapooza" likija, liandike, kisha uandike chini yake daktari alisema nini hasa. Hiyo ni sehemu kubwa ya tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya kuchunguza na kubadilisha mawazo na mazoea, na kalamu inatosha kuianza.

Lakini kwako naona tatizo kubwa liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Unashona kutwa, kisha unalala siku nzima. Kila mzunguko unaufundisha mwili kwamba kazi ni adhabu, na baada ya miezi kadhaa unajikuta unaweza kidogo kuliko mwanzo. Dawa yake ni kufanya kazi kwa kufuata saa badala ya kufuata maumivu. Kwa wiki moja pima: unakaa kwenye cherehani dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda? Pima siku nzuri na mbaya, utafute wastani. Tuseme ni dakika 25. Anza na 20. Weka kengele ya simu, ikilia simama hata kama uko katikati ya kola, tembea dakika 5, urudi. Baada ya wiki ongeza dakika 2. Siku nzuri usizidishe. Hapo ndipo wengi huanguka, hasa Januari wazazi wakiwa wamepanga foleni mlangoni, kwa hiyo pokea oda kulingana na dakika zako na umwambie mteja ukweli kuhusu tarehe. Maji vilevile: mtungi wa lita 20 ni kilo 20 ngazini. Jaza nusu, panda mara mbili.

Jioni, lala chali, mkono juu ya tumbo, vuta pumzi polepole, na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Dakika 10. Ukifanya ukiwa tayari umeshikwa vibaya hutaona kitu, kwa hiyo jizoeze siku za kawaida. Kama unasali, sali katika utulivu huohuo, hakuna mgongano. Usingizi nao ulinde: saa ileile ya kuamka kila siku, simu mbali na kitanda. Waombe wa nyumbani wasikuulize kila saa kama unaumwa, wakuulize umefanya nini leo.

Kuhusu pesa, uliza katika hospitali ya umma, kwa kuwa gharama huwa nafuu kuliko kliniki za binafsi. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) na huduma za afya ya akili, nenda na barua ya daktari. Ukipata nafasi, omba vikao vya maumivu sugu na upeleke daftari la dakika zako.

Maumivu yatapanda tena siku moja, hata ukifuata yote haya. Andika sasa utakachofanya: dakika 20 zishuke hadi 10 kwa siku mbili, kutembea kuendelee, siku ya tatu upande hadi 15, kisha urudi 20. Bandika karatasi hiyo ukutani juu ya cherehani.