Usiguse Android Studio usiku wa kuamkia kazi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kakamega aliniandikia saa saba usiku: "Kaka, nimesasisha Android Studio na sasa mradi haufunguki. Kesho nina mteja. Nifanyeje?" Android Studio ni chombo tunachotengenezea programu za simu za Android, na niliposoma tumbo lilinikaza. Hapo nilishapita, na bado panauma.

Ilikuwa 2023, nikikaa Kondele, Kisumu. Nilikuwa nimetengeneza programu ya simu kwa Flutter, zana ya Google ya kuundia programu, kwa kikundi cha akina mama wauza samaki pale Dunga: mteja akilipa, simu inatuma risiti kwa printa ndogo ya Bluetooth. Kazi ya miezi minne. Jumatatu saa tatu asubuhi nilipaswa kuwaonyesha, na lilibaki jambo moja tu, kuweka bei ya ngege (samaki aina ya tilapia) kwa kilo badala ya kwa mmoja mmoja. Jumapili usiku nina bando la kutosha, nikaona tangazo kwenye kona ya kioo: toleo jipya, Flamingo, liko tayari. Nikabofya.

Flamingo ilikuja na Java 17 ndani yake. Gradle ya mradi wangu, yaani zana inayojenga programu kutoka kwenye msimbo, ilikuwa ya zamani, na iliyo chini ya 7.3 haiendi na Java 17. Mradi ukagoma. Nikapendekezewa kupandisha plagini ya Android (kipande kinachoiunganisha Gradle na Android) hadi 8.0, nikakubali bila kusoma. Sasa hiyo 8.0 inataka kila moduli itaje jina lake la kifurushi kwenye build.gradle, faili la maelekezo ya ujenzi; lile la kwenye manifesti, faili la maelezo ya programu, halitoshi tena. Upande wangu nilirekebisha kwa dakika tano. Lakini plagini ya printa, kipande kilichoandikwa na mtu mwingine ambaye alikuwa amekiacha kitambo, haikuwa na mstari huo. Maandishi mekundu yakajaa chini ya kioo. Saa kumi alfajiri chai ilikuwa imefanya utando kikombeni, matatu zimeanza kupiga honi, na sikuwa nimehifadhi kitu kwenye Git, chombo cha kutunza kila hatua ya kazi ili uweze kurudi nyuma, tangu Jumatano.

Nilifika Dunga mikono mitupu. Mwenyekiti, mama mtu mzima, hakunigombeza. Alitoa kitabu cha risiti chini ya leso, akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Kijana wangu, wateja wako hapa. Leo tuandike tu."

Mwezi uliofuata kazi ilipewa mtu mwingine. Plagini niliitengeneza Jumanne: nilichukua nakala yake, nikaongeza mstari mmoja. Mmoja! Chombo sikilaumu. Nilibofya mwenyewe.

Kwa hiyo nisikilizeni, ninyi mnaotaka kula jasho la kuandika programu mkiwa huku huku nyumbani. Tangazo la sasisho si amri. Android Studio mpya hufungua miradi yenye plagini za Android za matoleo ya nyuma, kwa hiyo ukiambiwa upandishe plagini ya mradi, unaweza kukataa leo ukakubali mwezi ujao. Kusasisha chombo ni jambo moja, kusasisha mradi ni jingine. Usiyafanye usiku mmoja. Hifadhi kwenye Git kwanza. Toleo la zamani usilifute. Mawili hukaa kwenye laptopu moja, kila moja na folda yake, bila kugombana.

Wa VS Code, kihariri kingine cha kuandikia msimbo, mko hatarini zaidi, maana plagini zake hujisasisha zenyewe usipozizuia. Zima hilo kwenye mipangilio. Iliyoharibika unaweza kuirudisha kwenye toleo la awali ukibofya kulia juu yake. Na nasema tena: wiki ya kukabidhi kazi usisasishe chochote. Chochote. Wateja wetu hawana subira ya kungoja Gradle, na hawapaswi kuwa nayo. Mama aliyeamka saa tisa kungoja mitumbwi ameshangoja vya kutosha. Ukimheshimu, utaheshimu pia Jumapili yake ya mwisho kabla ya kazi.

Mwaka huu nimekabidhi miradi mitatu, mmoja Nakuru na miwili hapa Kisumu, yote kwa wakati. Najivunia hilo, sifichi.

Dada yangu wa Kakamega, rudi kwenye hali uliyohifadhi mwisho, kisha fungua gradle-wrapper.properties iliyo ndani ya folda ya gradle. Nitumie namba ya toleo la Gradle unayoiona pale. Niko macho.